Kunguru wa Mradi na Maneno Mazito

Watu huniuliza ni wapi nilikojifunza msamiati mgumu wa Kiingereza, nami kwa miaka mingi nimewajibu kwamba ni chuo kikuu. Si kweli. Nilijifunza ufukweni Ujiji, nikifukuza kunguru.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, na kila shule ilitakiwa kujitegemea. Wenzetu wa Kalinzi walipalilia kahawa. Sisi tulianika dagaa. Tuliwanunua wabichi kwa wavuvi wa Katonga, tukawatandaza mchangani, na wanafunzi wawili wawili wakapangiwa zamu za kuwalinda. Mradi ulivila vipindi vya Kiingereza kimoja baada ya kingine, hadi mwalimu wetu wa somo hilo, mwanamume mpole aliyevaa suruali moja muhula mzima, akapata suluhisho ambalo hata leo siwezi kuamua kama lilikuwa la busara au la kukata tamaa. Kwa kuwa mlinzi wa dagaa hana budi kupiga kelele, alisema, basi na apige kelele za maana. Kila zamu ikapewa orodha ya maneno. Aliyesimama upande wa mji alipaza neno huku akirusha mkono. Aliyesimama upande wa maji alijibu kwa maana yake.

Mwenzangu wa zamu alikuwa msichana ambaye babu yake alivuka ziwa kutoka Kongo. Hakuona sababu ya kuieleza hewa tupu maana ya neno, ilhali kunguru yupo.

“Voracious!” nilipaza.

“Ni weye, mlafi usiyeshiba!” alimwambia kunguru.

“Obstinate!”

“Ni weye, mkaidi! Umefukuzwa tangu asubuhi, husikii!”

Maneno ya sifa njema yalimpa shida, maana hakuna kunguru aliyeyastahili. Nilipotaja “magnanimous”, alimkazia macho ndege aliyekuwa na dagaa wawili mdomoni, akasema kwa masikitiko: “Mwenye moyo mkubwa, asiyeweka kinyongo. Si weye.”

Kunguru nao walielimika. Baada ya wiki chache maneno mafupi hayakuwashtua tena. Walitaka yenye silabi nne kwenda juu. Tukalazimika kuomba orodha nzito zaidi, jambo ambalo mwalimu alilichukulia kuwa ni bidii.

Kisha ikatangazwa kwamba mtahini atakuja kutusikiliza mmoja mmoja, na kwamba atakayeshindwa asahau kidato cha tano. Kwa wengine hilo lilikuwa tishio la jumla. Kwangu lilikuwa na sura kamili: cherehani ya shangazi yangu kule Mwanga, mwendo mfupi kutoka Ujiji. Baba alikwisha kukubaliana naye. Nikishindwa, ninaanza kushona, nami nilikuwa sijui hata kutunga uzi sindanoni.

Mtahini alikuwa mzee mnene mwenye sauti ya upole. Jikoni walikuwa wamempelekea migebuka mitatu, samaki wanono wa ziwa letu. Nilipoingia, miiba tu ilikuwa imebaki kwenye sahani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Keti, mwanangu, usiogope.”

Akahamia Kiingereza, akataka nimweleze maana ya “voracious”.

Ninaandika haya nikiwa na mvi kadhaa, na bado uso unanichoma. Mkono wangu wa kulia uliruka wenyewe, nusura umng'oe miwani, na kwa sauti ya kufika katikati ya ziwa nikamjibu, kwa Kiingereza kisicho na kosa, kwamba ni yeye, mlafi asiyeshiba.

Aliitazama sahani. Akanitazama mimi. Kisha, polepole, akaisogeza sahani nyuma ya rundo la karatasi.

“Ni mwalimu wenu aliyekufundisha hivyo?” aliuliza kwa Kiswahili.

“Hapana, mzee. Ni kunguru.”

Jibu hilo halikunisaidia. Alifungua kalamu, nami nikaanza kuusikia mlio wa cherehani.

“La mwisho,” akasema. “Magnanimous.”

Mdomo wangu ulikwisha kujipanga kusema si wewe. Niliukalia mkono, nikaeleza taratibu kwamba huyo ni mtu mwenye moyo mkubwa, asiyeweka kinyongo hata anapotukanwa na mtoto. Na kwa kuwa sikuwa tena na la kupoteza, nikaongeza kwa Kiswahili: “Ni wewe, mzee.”

Alivua miwani, akaifuta.

“Tutaona kama ni mimi,” akasema, akaandika.

Mlangoni nilipishana na mwenzangu, ambaye sasa ilikuwa zamu yake. Nikamnong'oneza asithubutu kusema “ni wewe”.

“Heh! Sasa niseme ni nani? Mle ndani kuna kunguru?”

Akaingia.

Barua ya kidato cha tano ilipofika, baba aliisoma mara mbili, kisha akaenda Mwanga kumwomba shangazi radhi. Shangazi alisema hana neno. Alikwisha kuniona ufukweni nikirusha mkono, na alikuwa akihofu ningezivunja sindano zake. Basi mwenye moyo mkubwa alikuwa ni yeye, mzee yule wa migebuka.

Mwenzangu naye alichaguliwa. Hadi leo hataki kuniambia alimjibu nini.