Vichuguu vya Mama

Neno walilotumia watu wa serikali ni kifuta machozi. Siyo fidia, walisisitiza, maana fidia mtu unaidai. Kifuta machozi unapewa, unashukuru, unakaa kimya. Mimi sikukaa kimya, na mpaka leo sijatulia.

Mwezi wa tatu ule mvua ya mawe ilishuka upande wetu, nje kidogo ya Milanzi, kwa muda wa kuchemsha chai tu. Maharage ya mama ndiyo kwanza yalikuwa yanachanua. Vilibaki vijiti. Tukatangaziwa kwamba mwenye shamba lililoharibika ataandikwa, apewe mbegu, mbolea na hicho kifuta machozi. Mama hakuwa na mbegu nyingine ndani. Asipoandikwa, itabidi amkodishie mtu shamba lake, na shamba ndilo lililomfanya aamke asubuhi tangu baba afariki.

Mama analima ntumba, kama mama yake alivyolima. Mvua zikiwa bado zipo anakusanya majani, anayafunika kwa udongo yanakuwa matuta ya mviringo, na juu yake anapanda maharage. Majani yanaoza humo ndani. Mvua za msimu unaofuata zikianza anayasambaza matuta, anamwaga ulezi. Ndiyo mbolea yetu hiyo, hatukufundishwa na semina.

Afisa aliyetumwa alikuja baada ya wiki mbili, kijana wa kutoka mbali, viatu vyeupe. Shikamoo aliitoa vizuri, sitamsingizia. Mama akaitikia, akaingia ndani kumtolea kiti. Anarudi na kiti, kijana kashapiga picha kutoka barabarani, kashapanda bodaboda. Shambani hakukanyaga hata hatua moja.

Orodha ilipobandikwa kwenye ofisi ya kata, jina la mama halikuwemo. Nikamfuata afisa pale dirishani, mama nyuma yangu. Akafungua simu akatusomea alichoandika: "Eneo la vichuguu. Halijalimwa."

"Vichuguu?" nikamwuliza. "Wewe umeona wapi mchwa wanajenga kwa safu?"

"Mama, picha haidanganyi," akanijibu afisa. "Na orodha imeshapelekwa juu."

Nilimwambia maneno ambayo mwanamke wa umri wangu hayasemi hadharani, na sijayatubu. Mtu kasomeshwa kilimo kwa kodi zetu, halafu tuta halijui. Mama akanivuta mkono. "Twende, mwanangu, usimtukane mtoto wa watu." Hilo nalo lilinikera kuliko yote. Adabu ndiyo inayotuponza sisi.

Mama akalikodisha shamba. Aliyelikodi, mfanyabiashara wa Kizwite, alileta trekta, akasawazisha matuta yote asubuhi moja, akapanda mahindi. Mama siku hiyo alikaa jikoni, akawa anachambua mchele ambao tayari ulikuwa safi.

Mwaka huu afisa yule yule kapita tena kuandikisha mashamba. Nilikuwepo, nimekaa na mama kibarazani. Akasimama palepale barabarani, akayatazama mahindi, akafurahi kwelikweli. Hata shikamoo akaisahau.

"Umeona sasa, bibi?" akasema. "Hili ndilo shamba."

"Marahaba," mama akajibu.

Kisha akainuka, akachukua kiti alichokuwa amekalia, akaingia nacho ndani.