Bibi Vumi wa Bafu za Halmashauri

Wenzangu mliokulia Mbeya kabla bomba halijaingia kila nyumba, mnaikumbuka baridi ya mwezi wa sita? Ile ya kutoa moshi mdomoni ukisema "shikamoo"? Enzi zetu kuoga nyumbani asubuhi kulikuwa adhabu, ndiyo maana kila Jumamosi mtaa mzima ulihamia bafu za halmashauri, si mbali na soko la Mwanjelwa.

Maji yalichemka kwenye mapipa, juu ya moto wa magogo ya mlingoti, yaani mkaratusi. Harufu ya moshi ule ikinipata njiani hadi leo, nasimama. Aliyeuchochea alikuwa Bibi Vumi, mama wa Kihehe kutoka Igowole. Alikuja Mbeya akiwa msichana, hakujaliwa mtoto, na kwao walikuwa wamekwisha wote. Sisi watoto alituogesha mwenyewe, mama zetu wakiwa sokoni. Weee, lile jiwe lake la kusugulia magaga! Ulitoka unang'aa, visigino vinawaka, naye anakupa kiazi kilichochomwa kwenye majivu ili unyamaze. Mtu mzima akikawia ndani, anagonga bati: "Toka huko, unaoga au unaolewa?"

Jambo moja tu lilimtia hofu. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na makaburi ya halmashauri, na pembeni kabisa kona ya wasio na ndugu. Vibarua walishusha mwili, wakafukia, wakaenda kunywa chai. Hakuna matanga, hakuna hata wimbo. Bibi Vumi aliyaona yote akiwa pale motoni pake. "Mimi mtanitupa kule," alikuwa akisema huku anacheka, kisha anajifuta macho kwa upindo wa khanga na kusingizia moshi. Mama yangu alimkemea: "Acha maneno hayo, mama. Sisi tupo."

Alifariki nikiwa darasa la nne. Halmashauri ikasema marehemu hana ndugu, na vibarua wameshaagizwa wachimbe kule konani. Loo! Akina mama waliacha meza zao za nyanya na dagaa wakaenda ofisini vilevile walivyokuwa, sisi watoto tukiwafuata nyuma. Bwana afya alikuwa kijana wa mtaa wetu, kazi ameipata juzi tu. Akauliza ndugu wa marehemu ni nani.

"Mimi ni binti yake," mama yangu akasema.

"Lakini mama, wewe si Mnyakyusa? Marehemu alikuwa Mhehe."

Mama akamtazama miguuni. "Mwanangu, wewe nani alikusugua magaga?"

Akina mama wakaangua kicheko, wengine huku wanalia. Kesho yake bwana afya ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika koleo, suruali ya ofisini ameikunja hadi magotini. Bibi Vumi akazikwa katikati ya makaburi ya watu, kwaya ya Kilutheri ikiimba, na wafanyabiashara Waislamu wa sokoni wakipokezana jeneza na wengine. Nililia sana siku ile. Nilifurahi pia, tena sana, maana nilijua angeuona umati ule asingeamini.

Sasa bafu zile hazipo, pamejaa vibanda vya kuuza simu. Wanangu wanafungulia maji ya moto ukutani, wanajifungia saa nzima na simu zao, na wakitoka magaga yako palepale! Nawacheka mpaka wananuna. Silalamiki, jamani. Maji ya moto ni neema, na kwa umri huu nayahitaji kuliko wao. Ila jirani yangu wa geti la pili namjua kwa rangi ya gari lake tu, na siku nikiondoka, akiulizwa mimi ni nani wake, sijui atajibu nini.