Samaki wa Kwanza wa Mdogo Wangu

Mwaka ule mto ulibeba miti yetu yote ya kutegea samaki pale maporomokoni, yangu na ya mdogo wangu. Bila miti hakuna pa kufunga vikapu, na bila vikapu hakuna samaki. Maji yaliposhuka, wanaume wa ukoo walikuja kusimamisha miti mipya. Wakaanza na ya mdogo wangu. Bon, kabla hawajafika kwangu maji yakapanda tena. "Ungoje msimu mwingine, yaya," wakaniambia. Ningoje! Mimi yaya, mkubwa wake!

Jumapili, papa pasteur alisoma unabii wa ule mto unaotoka hekaluni, unaoponya kila unapopita, wavuvi wamejaa ukingoni. Kanisa letu zima ni wavuvi, donc shangwe ilikuwa kubwa. Mdogo wangu alicheza mbele kabisa, maana asubuhi ile vikapu vyake vilitoka vimejaa. Roho iliniuma, mama yangu! Nikasema kimoyomoyo: aliye juu, mngoje chini.

Watu walipotoka, nilimfuata pasteur.

"Papa, ile mto ya nabii iko ya nani? Mimi sioni hata tone."

"Unafikiri nabii mwenyewe alivua mule? Alikuwa mateka, mbali na kwao, hekalu lao limebomolewa. Mungu alimuonyesha tu. Hakuonja samaki hata mmoja."

"Na hakusikia wivu?"

"Hiyo haikuandikwa. Iliandikwa kwamba alienda kuwaambia wenzake alichoona."

Jibu hilo lilinichukiza. Nikatembea ovyo mpaka Simi-Simi, mbali na nyumbani, nikachelewa makusudi. Kwetu, samaki wa kwanza wa miti mipya haliwi na mtu kabla mkubwa wa nyumba hajaonja na kusema neno. Sikutaka kuonja. Nilitaka furaha yao ipoe.

Kumbe walikuwa mlangoni kwangu wananingoja: mdogo wangu, mke wake, watoto, chungu kimefunikwa.

"Yaya, karibu," mdogo wangu akasema. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hiyo iliniudhi zaidi. "Watoto hawajatia kitu mdomoni tangu asubuhi."

Mke wake akanipa kipande cha samaki na lituma, ndizi za kuponda. Nilitafuna polepole, nikitafuta kosa. Chumvi imezidi? Haikuzidi. Tope? Hapana. Nilitamani sana awe mchungu, samaki yule, nami nimteme mbele yao. Watoto walikuwa wananitazama mdomo.

"Iko tamu," nikasema. Sauti haikutoka vizuri, ikabidi nirudie kwa nguvu, ndipo watoto wakarukia chungu.