Kikohozi cha Mama Hajambo

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mama Hajambo ni kiganja chake, na kiganja hicho kilikuwa kimeziba mdomo wa mbuzi. Nilikuwa nimehamia nyumba ya jirani, nikaenda kujitambulisha kama ipasavyo. Nilimkuta amepiga goti zizini, amemkumbatia mbuzi mweusi mwenye mimba na kumbana midomo, kama mzazi anayemnyamazisha mtoto mkutanoni. Nilipopiga hodi, mbuzi alikohoa kupitia puani. Papo hapo Mama Hajambo naye akakohoa, kwa nguvu zaidi, akajipiga kifuani na kuniambia kwamba kifua hicho kitamtoa roho.

Nilimpa pole. Mtaa mzima ulikuwa ukimpa pole.

Jina lake la utani alilipata kwa haki. Ukimuuliza habari za mbuzi wake yeyote, awe anachechemea au anaharisha, jibu lilikuwa lilelile: hajambo. Neno "mgonjwa" halikuruhusiwa kukanyaga zizi lile. Mbuzi wake walichoka, walinuna, walikuwa na mawazo; kuugua, hapana.

Majivuno hayo yalikuwa na chanzo. Msimu uliopita wifi yake, dada wa mumewe aliyeishi ng'ambo ya uzio, alipoteza mbuzi wake wote kwa homa ya mapafu. Mama Hajambo alikwenda kumfariji. Alilitazama zizi tupu, akakunja pua, kisha akatamka mbele ya wanawake wote waliokuja kutoa pole kwamba maradhi yanazijua nyumba za wachafu. Tangu siku ile wifi alilifagia zizi lake kila asubuhi, ingawa hapakuwa na mnyama hata mmoja wa kulichafua.

Mumewe Mama Hajambo, fundi viatu asiyependa makuu, alitafuta suluhu. Aliahidi kwamba mbuzi mweusi akizaa, mtoto atakuwa wa dada yake, aanze ufugaji upya. Mkewe alikubali kwa shingo upande. Mbuzi akabeba mimba, na mimba ilipokomaa, akaanza kukohoa.

Mtu mwingine angemwita bwana mifugo. Mama Hajambo aliamua kukohoa yeye.

Kazi hiyo aliifanya kwa moyo wote. Akiwa anafua, anachambua mchele au anapiga soga, sikio lake lilikuwa zizini, na mbuzi akianza tu, yeye anadakia. Majirani walimletea asali, tangawizi na chupa za dawa ya kifua. Alizipokea zote kwa shukrani, akazimimina kooni mwa mbuzi. Mumewe alijua mchezo wote, maana mkewe hakuwahi kukohoa akiwa mbali na zizi, lakini aliinamia viatu vyake na kuendelea kushona.

Sauti ilipozidi kuvuja, Mama Hajambo alichukua magunia akaziba kila upenyo wa zizi, kuanzia madirishani hadi chini ya paa. Ndani kukawa na joto, unyevunyevu na harufu ya mkojo inayochoma macho. Kikohozi kilichokuwa kikavu kikawa kizito, na kamasi zikaanza kuning'inia puani mwa mbuzi. Hajambo, alisema Mama Hajambo.

Kilichomuumbua ni huruma. Jirani yake mmoja, mshona nguo, alishindwa kuvumilia kumwona akiteseka, akamshika mkono na kumkokota hadi zahanati. Muuguzi alimsikiliza kifua, akamsikiliza mgongo, akamwambia avute pumzi. Kifua kilikuwa safi kabisa. Mama Hajambo alijaribu kukohoa ili atoe ushahidi, ila bila mbuzi wa kumwanzishia alitoa mlio wa mtu aliyepaliwa na maji.

Wakati huohuo wifi alikuwa uani kwake, ufagio mkononi. Kwa macho yake alikuwa amemwona mgonjwa akipelekwa zahanati. Sasa kwa masikio yake akasikia kikohozi cha mgonjwa kikitoka zizini.

Mama Hajambo aliporudi, alimkuta wifi amesimama mlangoni pa zizi, na nusu ya mtaa nyuma yake.

"Wifi," alisema bila haraka, "wewe ulikwenda zahanati. Kifua chako ulimwachia nani?"

Watu waliangua kicheko. Mama Hajambo alitazama chini. "Amechoka tu," alisema.

"Choka wewe. Huyo ana mtoto wangu tumboni."

Bwana mifugo alipofika, kabla hata ya kumgusa mbuzi alianza kung'oa magunia, huku akiuliza ni nani aliyewanyima wanyama hawa hewa. Kisha alimpima joto, akamsikiliza mapafu, akamchoma sindano. Ni nimonia, alieleza, na zizi lile lililofungwa ndilo lililoichochea. Kama ni ile ya kuambukiza, iliyomaliza mbuzi wa jirani, hakuweza kuapa. Kwa hiyo mbuzi atengwe na wenzake leo hii, asinyweshwe tena dawa za binadamu, na yeye atarudi kuendelea na sindano. Iwapo mama na mtoto watapona, hilo nalo hakuliahidi.

"Nataka zizi kavu, safi, lenye hewa, lisilo na mbuzi mwingine," alisema. "Lipo?"

Wote waligeuka kumtazama mwanamke mwenye ufagio.

Wifi alifungua mlango wa uzio.

Tangu hapo Mama Hajambo akitaka kumwona mbuzi wake hana budi kubisha hodi. Wifi ameweka beseni la maji ya dawa mlangoni, na hamruhusu kupita kabla hajakanyaga humo. "Ingiza miguu yote, wifi," humwambia kwa upole unaouma. "Si unajua mambo ya uchafu." Naye huingiza. Watu wakimuuliza habari za mbuzi, husema ni mgonjwa, anaendelea na matibabu. Neno lenyewe hulitoa kama anatema mbegu.

Homa imeshuka. Kikohozi kipo, ila kimelegea. Tangu asubuhi chuchu zimejaa, na mbuzi analala, anainuka, anakwangua sakafu kwa kwato na kulala tena. Mawifi hao wawili wamekaa kwenye benchi moja, kila mmoja kwenye ncha yake. Mbuzi amekohoa, na Mama Hajambo, kwa mazoea, amepeleka mkono kifuani. Wifi amemkata jicho, mkono ukarudi mapajani.

Sasa mbuzi ameanza kusukuma.