Mzee Tochi na Mwanafunzi Wake

Mwaka ule kamati ya mke wangu ilipigiwa makofi na ukumbi mzima, na baba mkwe wangu akapoteza macho. Watu wanayaona hayo kuwa mambo mawili. Mimi niliyekuwa nimekaa upande wa pili wa meza najua ni jambo moja, na mpaka leo sijui nimkasirikie nani.

Meza yenyewe ndiyo meza kubwa pekee nyumbani kwetu, kwa hiyo tunagawana. Mimi ni fundi cherehani, nakatia vitambaa upande wa dirishani. Upande wa ukutani ni wa mke wangu, mhandisi kwenye karakana ya ndege na katibu wa kamati ya chama chao cha wahandisi. Kamati hiyo hailipwi hata nauli. Inakutana kwa kompyuta siku za Jumamosi, kila mjumbe yuko kwake, na kazi yake ni kuingiza akili bandia kwenye mambo ya ndege bila kuua mtu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwaeleza wateja wangu, na mke wangu akinisikia ananikata jicho.

Wa tatu mezani alikuwa baba yake, ambaye anaishi nasi tangu afiwe na mkewe. Karakanani wanamwita Mzee Tochi, kwa sababu ana tochi yake na hamwazimi mtu. Kazi yake ilikuwa kuchungulia ndani ya injini, kuhakikisha mapanga yanayozunguka mle hayana ufa, halafu anagonga muhuri na ndege inaruka. Asipogonga hairuki, hata kama abiria wameshafunga mikanda na mkurugenzi anafoka kwenye simu. Mzee ana kichwa kigumu, na kwa kazi hana dogo. Suruali niliyomshonea mwaka ule alinirudishia kwa sababu ya mshono ambao mimi mwenyewe sikuwa nimeuona umepinda. Nilimsema kimoyomoyo, kisha nikaufumua.

Kamati ilikuwa imejipa kazi moja kwa mwaka mzima: kuandika mwongozo wa mashine inayokagua picha za ndani ya injini. Picha hizo hupigwa na kamera ndogo mno, iliyofungwa kwenye waya mrefu unaopenyezwa kwenye tundu. Mashine inaitazama picha na kuzungushia alama nyekundu mahali inapoona ufa. Lakini mashine haizaliwi inajua. Lazima kwanza mtu anayejua aweke alama zake, kisha mashine ikosee na kusahihishwa, ikosee na kusahihishwa, mpaka alama zake zifanane na za yule mtu. Wajumbe waliipa jina la Mwanafunzi. Ikabaki kutafuta mwalimu.

"Mimi simwoni mwingine zaidi ya Mzee Tochi," alisema Mwenyekiti, rubani mstaafu anayezungumza polepole utadhani anatangazia abiria. "Alama zake ndizo zitakuwa jibu sahihi. Kama hakuna pingamizi, tunaendelea."

Hiyo ndiyo desturi yao, hawapigi kura. Mwenyekiti anasema maneno hayo, anangoja kidogo, na wote wakinyamaza basi jambo limepita. Wakaguzi wengine walishaombwa, wakasema wametingwa na kazi. Mke wangu aliinua macho kutoka kwenye kompyuta akanitazama, tabasamu limeenea uso mzima. Alijivunia baba yake, na alikuwa na haki. Akaandika kwenye kumbukumbu za kikao kwamba hakuna aliyepinga.

Mzee akauchukua ualimu kwa moyo wote. Kila siku ya mapumziko alinyoa ndevu, akavaa shati la kazini, akaketi mezani petu na kufungua picha moja baada ya nyingine. Hakutaka redio wala mazungumzo. Hata cherehani yangu alitaka nayo ishushe sauti.

"Mkwe, hiyo mashine yako inakohoa," alikuwa akisema.

"Inakulipia umeme hiyo, Baba."

"Basi ikohoe taratibu."

Siku zile alikuwa pia ameanza ugomvi na samani. Akipita anagonga kiti kwa bega, ananigeukia mimi: nani kasogeza kiti hiki? Akigonga mlango, mlango umelegea bawaba. Mara nyingi kikombe chake kilichokuwa mkono wa kushoto kilikwenda chini, na tukicheka naye alicheka. Nani angefikiria macho? Mtu huyu alikuwa akisoma gazeti mpaka matangazo ya vifo, na karakanani kila mwaka aliyasoma maandishi ya ukutani ya daktari mpaka mstari wa mwisho. Sisi tulisema uzee, yeye alisema viti.

Mvua zilikuwa bado hazijaanza pale Mwanafunzi alipoanza kuleta maneno. Aliyeleta taarifa alikuwa mtaalamu wa programu, mwanamke mmoja mwenye haraka ambaye chakula chake cha mchana huwa anakila mbele ya kamera.

"Jamani, Mwanafunzi ana mawenge," alisema. "Anazungushia nyufa ambazo hazipo. Katikati ya picha yuko vizuri, haachi kitu. Ila akifika pembeni, huku kushoto, anaona mambo yake."

"Mwalimu anasemaje?" aliuliza Mwenyekiti.

Mke wangu aliigeuza kompyuta ili baba yake azione picha zile, bila alama nyekundu za Mwanafunzi. Mzee alizitazama kwa utulivu wake wote. Hakukimbiza kazi, naapa, alitazama mpaka wajumbe wengine wakaanza kukohoa.

"Hapo hapana kitu," alisema. "Mwambieni mtoto aache kuota."

Walicheka. Mtaalamu akasema ni jambo la kawaida, huenda mwanga wa kamera unavunjika pembeni na kumchanganya, na lipo la kufanya: watamfundisha asiyape uzito mambo ya upande ule. Mwenyekiti akauliza kama kuna pingamizi. Mimi nilikuwa natia uzi kwenye sindano. Nawakumbuka walivyonyamaza.

Kazi hiyo iliwachukua miezi. Kila kikao Mtaalamu alileta habari njema kidogo: mawenge yamepungua, mawenge yamebaki machache, mawenge yamekwisha. Alama za Mwanafunzi zikawa zinafanana na za Mzee kama pacha. Chama kikawaandikia pongezi za nusu mwaka, na ikasemwa kwamba kwenye mkutano mkuu watapewa nafasi ya kwanza kuzungumza. Mzee alinitaka nimshonee suti ya siku hiyo. Nilipokuwa nampima bega alinieleza tena na tena jinsi Mwanafunzi alivyokuwa mbishi hapo mwanzo na jinsi alivyonyooka.

Kabla ya kupeleka mwongozo, desturi inataka jaribio la mwisho kwa picha ambazo kamati haijawahi kuziona. Karakana ya mbali ilituma picha za injini ambazo zilishafunguliwa zote, na mapanga yake yakapakwa rangi ile inayoingia ndani ya ufa na kuuanika. Kwa hiyo hapo hapakuwa na kubishana, kila ufa ulikuwa unajulikana. Jumamosi ile Mzee alikuwa kazini. Mtaalamu alikuja kwenye kikao bila chakula.

"Mwanafunzi ameziacha nyufa zote za kushoto," alisema. "Zote, hata ile ambayo mtoto mdogo angeiona."

Alipekua karatasi zake, akaendelea.

"Nikarudisha yule wa zamani, yule mwenye mawenge. Amezipata zote."

Hapo niliacha mkasi. Sikusomea ndege mimi, lakini ilinichoma pale pale, na nilipomtazama mke wangu nikajua naye imemchoma. Hapakuwahi kuwa na mawenge. Nyufa za pembeni zilikuwapo tangu mwanzo, ila mwalimu hakuziona, na wao wakafanya kazi miezi yote ile kumzoeza Mwanafunzi asizione.

Mwenyekiti alizungumza polepole zaidi kuliko siku zote. Alisema hapa pana usalama wa watu. Kila injini iliyopita kwenye muhuri wa mkaguzi huyu itafunguliwa tena, na mkaguzi mwenyewe asiguse kazi mpaka apimwe. "Katibu," alisema, "ukitaka kutoka kwenye kikao hiki, tutakuelewa."

"Nikitoka nani ataandika?" mke wangu alisema.

Akaandika. Aliandika huku machozi yanamtiririka, na hakuacha neno. Nilitaka kuifunga ile kompyuta kwa nguvu, lakini ningekuwa namfungia nani? Kila walichosema kilikuwa sawa. Ningekuwa abiria ningetaka waseme hivyo hivyo.

Mzee aliporudi kutoka kazini mke wangu alimweleza yote, hakuzungusha. Mzee alimsikiliza akiwa bado na viatu. Kisha akasema, "Nipe hizo picha."

Akamfungulia moja kwenye kompyuta, isiyo na alama. Mzee alivaa miwani, akasogea, akatazama. Alichukua muda wake. "Hamna kitu hapa, mama," alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole, kama anayemwonea binti yake huruma kwa kudanganywa na watu wa programu.

Mke wangu aliivuta kompyuta kwake. Alibonyeza tu, picha ikageuka juu chini, kilichokuwa kushoto kikaja kulia.

"Eh, huu hapa ufa," Mzee akasema mara moja. "Mkubwa kabisa. Nani kauacha huu?"

 Alimtazama binti yake, akanitazama mimi, akarudi kwenye picha. Alinyoosha kidole akaugusa ule ufa kwenye kioo, kisha akaomba picha irudishwe ilivyokuwa. Ikarudishwa. Akatafuta. Ilibidi ageuze kichwa chote, shingo na mabega, ndipo akaufikia. Akavua miwani akaiweka mezani. Chakula hakukila, na sisi tulishindwa kukila mbele yake.

Daktari alisema ni presha ya macho. Inakula kutoka pembeni, haiumi, na mwenyewe hajui kwa sababu katikati panabaki pazima na gazeti linasomeka. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lilibaki na uwazi wa katikati na wa upande wa kulia, na kuna matone ya kulinda hicho kilichobaki maadamu yanawekwa kila siku. Kilichopotea hakirudi kwa dawa wala kwa kisu.

"Ulianza kuona tatizo lini, Mzee?" aliuliza.

"Sikuliona," alisema Mzee. "Ndilo tatizo."

Daktari alitabasamu kwa adabu. Akatuambia, bila kumlaumu mtu, kwamba miezi kama minane au tisa huleta tofauti kubwa kwenye ugonjwa huu. Angeletwa mapema mwaka huu, jicho la kushoto lingeweza kuokolewa sehemu yake nzuri. Mke wangu alishika kingo za kiti. Niliona anavyohesabu kurudi nyuma, na nikaona amefika wapi.

Karakana walimpumzisha kwa heshima. Injini zake zilifunguliwa, zote. Kwenye moja walikuta ufa mdogo ndani ya kiasi kinachoruhusiwa, kwingine hawakukuta kitu, maana kwenye injini halisi alizoea kuizungusha kamera mpaka kila panga lije katikati. Nilidhani habari hiyo ingempa ahueni. Alisema sawa, akauliza kama matone yake yamebaki ya kutosha.

Kuhusu kamati, haikuanguka. Waliandika upya sura nzima ya mwongozo: kwamba jibu sahihi lisitoke kwa mtu mmoja, na kwamba mashine inapobishana na mwalimu wake, kwanza watu wafungue injini ndipo wairekebishe mashine. Kwenye mkutano mkuu Mwenyekiti aliliita fundisho kubwa la mwaka. Mzee alikaa mstari wa mbele na suti yangu. Aliombwa asimame, ukumbi ukapiga makofi, naye akageuka na mwili mzima kutafuta waliokuwa upande wa kushoto. Nilipiga makofi kama wengine. Ningefanya nini kingine?

Tuliporudi aliketi mezani, mke wangu akamwekea matone. Mzee alibaki ameinua uso, amefumba macho kama alivyoelekezwa.

"Ile mashine," alisema, "iliziona lini zile za kushoto? Kwa mara ya kwanza."

Mke wangu alinitazama. Nilitikisa kichwa asiseme. Lakini yule ni binti wa baba yake.

"Kabla ya mvua, Baba. Mwanzoni kabisa."

"Na nyinyi mkafanyaje?"

"Tukakuuliza wewe."

Mzee hakufumbua macho. Dawa ilimtiririka shavuni, hakuipangusa.

"Mkanisikiliza," alisema.

"Ndiyo, Baba."