Fremu ya Libuyu

Baba yangu ni seremala wa mtaa wa Buterere, na mimi mwanawe siwezi kupigilia msumari ukaenda wima. Yeye mwenyewe alitaka iwe hivyo. Nilipokuwa mdogo, nikigusa tu randa yake, kofi lilitangulia neno. "Acha ile! We utakula na kalamu, apana na randa," alikuwa akisema, kisha ananirudisha ndani kwenye madaftari. Watoto wa majirani walijifunza kazi mikononi mwake, leo wana karakana zao. Mimi nilijifunza uchumi.

Nilipomaliza chuo kikuu, alichukua ubao wa libuyu, mti mgumu wa bei kubwa, aliokuwa ameutunza kwa ajili ya kitanda chake, akaitengenezea shahada yangu fremu. Akaitundika karakanani, si sebuleni, ili kila mteja aione. Nakala za shahada nimezigawa ofisi zote za mjini. Kote naambiwa watanipigia simu, na simu yangu naichaji kila siku kama mjinga.

Mwaka huu baba alipooza upande wa kulia, na maneno yakamtoka. Sasa anakaa kwenye kiti ndani ya karakana, ananitazama.

Kabla hajaugua, mama jirani alikuwa amemletea mbao za libuyu amtengenezee mlango. Mlango ulikaribia kuisha; vilibaki kukatwa vipande vinne vyembamba vya kushikilia ubao wa katikati. Mtaani kwetu maji ya mvua hayapigi hodi, na yeye mlangoni kwake palizibwa kwa pazia tu.

"Umalizie basi, mutoto yangu, mvua inakuja," aliniambia. "Si umesoma mpaka iniversite? Utashindwa na mbao?"

Hakuwa akinicheka. Aliamini kweli, na hilo ndilo lililoniudhi.

Nilipima, nikakata, naye akisubiri pembeni. Vipande vitatu vilikubali. Cha nne nilikikata kifupi kwa upana wa kidole, na libuyu lilikuwa limeisha. Baba alitoa sauti, ile moja aliyobaki nayo. Niliona aibu, na papo hapo nikamkasirikia: kwani ni nani aliyenifukuza humu ndani?

Akanyanyua mkono wa kushoto, akaonyesha ukutani. Nilidhani anamwonyesha mama jirani shahada yangu, kama alivyozoea kuwaonyesha wateja. Lakini alionyesha kile kipande kifupi, kisha ukutani tena, akarudia mpaka nikaelewa. Alikuwa anataka nivunje fremu, nipate humo kipande cha nne.

"Papa, apana," nilisema. Akakunja uso kama zamani.

Nikaishusha. Nikatoa shahada, nikaiweka kwenye benchi juu ya vumbi la mbao, nikaanza kutafuta misumari niing'oe. Hakukuwa na msumari hata mmoja. Pembe zote nne alikuwa amezichomeka ubao ndani ya ubao, zikashikana zenyewe. Nilivuta, nikageuza, nikagonga kidogo kwa kuogopa kuipasua. Haikuachia.

Nikamtazama baba. Aliuzungusha mkono wake hewani kunionyesha njia, mara moja, mara mbili, kisha polepole zaidi, kama anayemfundisha mtoto mdogo. Nilijaribu kumfuata. Sikuelewa anaanzia pembe ipi.

Mama jirani akasema atarudi kesho. Baba aliendelea kuzungusha mkono mpaka ukachoka, akaulaza mapajani.