Kitako cha Karabini ya Babu

Serikali ilipokusanya silaha zilizokuwa mikononi mwa raia, bibi alikabidhi karabini, bunduki fupi ya jeshi ya marehemu babu, lakini alikuwa ameshakifungua kitako chake cha mti na kukificha. Tangu hapo hukipaka mawese yanayokamuliwa kijijini Kizuka kila Ijumaa, hapa kwetu Rumonge.

Nilipotoka chuo kikuu nilitaka uthibitisho wa kila kitu. Nilikuwa nimesoma kwamba kila kipande cha karabini hizo kilipigwa namba, na kitabu cha jeshi cha babu kilikuwa na namba ya silaha yake. Nikakwangua mafuta yaliyoganda kwenye kitako.

"Iko yake ao hapana?" bibi akauliza, mikono kifuani.

Bati la chuma lililofunika mwisho wa kitako lilikuwa na namba ya babu. Mti ulikuwa na nyingine. Bila shaka fundi wa kambini aliubadilisha.

"Chuma ni chake, bibi. Mti ni wa askari mwingine."

"Kumbe miaka yote napaka mafuta bwana wa watu!" Akacheka, kisha akakichukua kitako. "Na mujane wake, yeye alibaki na nini?"

Bibi alichovya kitambaa kwenye mawese, akaanza na mti.